Nywele Tumboni: Donge Lisiloyeyuka

Ukimwona bintiyo aking'oa unywele mmoja mmoja kichwani na kuutia kinywani, usikimbilie kumchapa. Usidhani pia kwamba huo ni mchezo wa kitoto.

Tumbo lina asidi kali iwezayo kulainisha nyama, lakini nywele haiziwezi. Unywele huteleza, kwa hivyo tumbo hushindwa kuusukuma mbele kama linavyosukuma ugali na sukuma wiki. Hunasa katika mikunjo, mwingine ukaja ukajisokota hapo, na baada ya miezi au miaka huwa donge lenye umbo la tumbo lenyewe. Chakula kinachonasa humo huoza. Ndiyo maana mtoto hunuka mdomo hata akipiga mswaki kila siku.

Madaktari huliita donge hilo bezoa. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni kinga ya sumu, kwani zamani mawe yaliyotolewa matumboni mwa mbuzi yaliaminika kuwa dawa. Katika karne ya 16 tabibu Mfaransa Ambroise Paré aliijaribu imani hiyo kwa mpishi mmoja aliyehukumiwa kunyongwa kwa wizi. Mpishi alikunywa sumu, akapewa jiwe, na baada ya saa chache akafa kwa uchungu.

Wanaopatwa zaidi na donge la nywele ni wasichana. Wengine hula nywele za mwanasesere, ama nyuzi za blanketi na zulia. Mara nyingine donge huota mkia unaoshuka hadi utumbo mdogo. Mwaka 1968 madaktari waliupa ugonjwa huo jina la Rapunzel, yule binti wa hadithi ya Kijerumani mwenye nywele ndefu. Hapo utumbo waweza kuziba au kutoboka, na mtoto akafa.

Basi angalia: anashiba upesi? Anatapika, anakonda? Ana mabaka ya upara, na kitu kigumu juu ya kitovu? Dawa ya minyoo haitafaa kitu. Hata soda ya kola, ambayo madaktari huitumia kuyeyusha madonge ya nyuzi za matunda, haiziwezi nywele. Aghalabu tiba ni upasuaji.

Mwambie daktari waziwazi kwamba mtoto hula nywele, maana yeye mwenyewe huenda akakana kwa aibu. Omba pia apimwe damu, na atafutwe mshauri wa kuzungumza naye juu ya kinachomsumbua. Wapo waliopasuliwa, wakarudi nyumbani wakang'oa tena, na donge likaota upya.