Kikohozi cha Mzee Kisiitwe Uzee

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini nimemwuguza baba yangu mkubwa, na kuna mambo nataka uyajue mapema kuliko mimi.

Mzee alikuwa na miaka 74. Alivuta sigara tangu ujana. Alikohoa miezi mitatu, akakonda. Sisi tukasema, "Ni uzee." Zahanati walipima makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Tukarudi nyumbani tumefurahi. Hapo tulikosea. Kikohozi kikizidi majuma mawili, mpeleke mgonjwa apimwe makohozi. Kifua kikuu kisipoonekana na bado anakohoa, omba apigwe picha ya kifua.

Tulipofika hospitali ya mkoa, mzee hakuweza tena kulala chali. Ilikuwa saratani ya mapafu. Maji yalijaa kati ya pafu na mbavu, yakalibana pafu. Daktari alimketisha ameinama, akamtia ganzi, akachoma sindano mgongoni kati ya mbavu. Maji yakatoka polepole. Jioni ile mzee alikunywa uji. Kijijini kwetu wapo wanaosema mtu akitolewa maji hufa. Si kweli. Maji yakirudi, hutolewa tena.

Sasa sikiliza vizuri. Mgonjwa wa saratani akilegea miguu ghafla, au akishindwa kukojoa, huenda uti wa mgongo umebanwa. Uso na shingo vikivimba, huenda mshipa mkubwa wa damu umebanwa. Akitema damu nyingi, au akianza kuchanganyikiwa, hiyo nayo ni hatari. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuuza gunia. Miguu ikishapooza kabisa, ni vigumu kupona. Tiba ya mionzi ipo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Saratani ya mzee haikuweza kuondolewa. Maumivu yalipunguzwa. Alipewa mofini, dawa ya maji ya kunywa. Tuliiogopa bure. Ikinywewa kwa kipimo cha daktari, haiui. Mpe kwa saa zilizoandikwa, usingoje maumivu yarudi. Dawa hii hufunga choo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha choo. Ifungie mbali na watoto.

Akikosa pumzi, mkalishe kwa mito, fungua dirisha, mpepee usoni. Jiko la kuni lihamie nje.

Tulimwuliza mwenyewe anataka nini. Akasema nyumbani. Alikaa nasi miezi minne. Kila asubuhi aliniuliza kama mahindi yake yamepaliliwa.