Saa janja Likasi na Kapolowe: mteja anatafuta chaja, kiwanda kinaahidi kupima sukari

Biashara ya saa janja kati ya Likasi na Kapolowe, Katanga nchini Kongo, imeshavuka kipindi cha kushangaza watu. Anayeivaa leo ni dereva wa pikipiki, ni mwalimu, ni kijana wa kandarasi mgodini, ni mama anayepakia samaki wa Ziwa Tshangalele kwenda Lubumbashi. Bei zake kila mtu anazijua: ya kawaida haizidi dola 20, na ile ya mamia ya dola utaiona mkononi mwa mhandisi au mkubwa wa mgodi, basi. Kinachowasumbua wauzaji sasa ni kesho. Kila mwaka viwanda vinatangaza kwamba saa itafanya jambo jipya, na siku hizi hata mkanda wake unatajwa. Mfanyabiashara wa Kapolowe-Gare anayeagiza mzigo kwa pesa ya kukopa anataka kujua ni lipi kati ya hayo litamfikia, na likimfikia litanunuliwa na nani.

Orodha ya ahadi ni ndefu. Kwenye saa inayoongoza kwa mauzo duniani, kipimo cha umeme wa moyo kiliingia mwaka 2018, cha oksijeni ya damu 2020, cha joto la mwili 2022. Mwaka 2024 likaja onyo la kukatika pumzi usingizini, na 2025 onyo la shinikizo la damu pamoja na ujumbe wa satelaiti pale mtandao wa simu unapokosekana. Linalosubiriwa zaidi ni kupima sukari bila kutoboa ngozi. Kuhusu mkanda, hataza zilizoandikishwa zinataja betri ya ziada, kamera, sensa za jasho na vipande vya kunasa jua. Nyingi hazitafika dukani kamwe, kwa sababu kampuni huandikisha wazo pia ili mshindani asilitangulie.

Mfanyabiashara mmoja anayeuza simu, chaja na saa karibu na stesheni ya Kapolowe, aliyeomba asitajwe, haoni katika orodha hiyo kitu kinachogusa kilio chake. Kilio chake ni chaja. Kila aina ya saa inakuja na chaja yake ya sumaku, ya meno mawili au manne, na nafasi kati ya meno hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine hata kama boksi ni lile lile. Waya ukikatika, saa imekufa. Mteja akirudi wiki ya tatu, chaja ya kununua peke yake haipo Kapolowe, haipo Likasi, na Lubumbashi ataambiwa anunue saa nyingine.

Chini ya meza yake kuna katoni ya saa za namna hiyo. Nimezishika: vioo vizima, mikanda mizima, nyuma hakuna hata mkwaruzo. Ni saa ambazo wenyewe walizirudisha wakidai pesa yao, na yeye akawalipa nusu ili asipoteze jina. Anasema katoni hiyo ndiyo faida yake iliyokwama. Amejaribu kufungua chaja moja na kusogeza meno kwa chuma cha moto ili ishike aina nyingine. Ilishika siku mbili, kisha ikaunguza saa. Mafundi wa simu hawataki kuzigusa, maana zimegandishwa kwa gundi na ukizifungua hazizuii maji tena.

Anaeleza pia njia ambayo mzigo hupitia, na hapo hasira inapanda. Saa zinatoka China, zinashuka Dar es Salaam, wachuuzi wa Kariakoo wanazichanganya na makava ya simu na visikizi, kisha zinapita Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Mzigo wa watu wengi hufungwa pamoja na kulipiwa kwa kilo. Njiani hakuna anayefungua boksi kuona kama chaja iliyo ndani ndiyo ya saa ile. Akilalamika Lubumbashi, anaelekezwa Dar. Dar wanasema kiwandani. Na jina la kiwanda halikuandikwa kwenye boksi.

Afisa mmoja anayehusika na ukaguzi wa bidhaa anasema hakuna kifaa cha umeme kinachopita mpakani bila karatasi ya ubora. Kauli hiyo ni ngumu kuilinganisha na meza za sokoni. Katika saa nilizozitazama Likasi na Kapolowe, boksi nyingi hazina anwani ya mtengenezaji, hazina tarehe, na baadhi zimeandikwa kwamba zinapima shinikizo la damu, sukari na oksijeni kwa pamoja. Ikiwa karatasi zipo, zimebaki mpakani Kasumbalesa.

Mfanyabiashara huyo ndiye aliyenionyesha jaribio ambalo wateja wake wa zamani wanalijua. Alichukua chupa ya maji, akafunga saa kiunoni mwa chupa kama unavyoifunga mkononi, akabonyeza kipimo cha moyo. Baada ya sekunde chache kioo kikaandika mapigo 74. Alirudia kwa saa nyingine, ikaandika 81. Anaziuza bado, kwa sababu watu wanaziomba, lakini anasema humwambia kila mama anayeuliza habari za presha kwamba aende hospitali. Nimemwamini kwa hilo, ingawa sikuona tangazo lolote mezani pake linalosema hivyo.

Hatari hapa ni ya kweli. Februari 2024 wasimamizi wa dawa wa Marekani walionya kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dawa yake kwa namba ya saa ya dola 15 anaweza kujiua bila kujua. Hata vipimo vya kuaminika vina walakini kwetu: sensa za mapigo na oksijeni hupiga mwanga kwenye ngozi na kusoma unaorudi, na ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwingi zaidi. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Kiwanda kinachotaka kutuuzia afya kianzie hapo, kabla ya kutuongezea kamera mkandani.

Turudi kwenye chaja, kwa maana mzizi wake uko mbali. Tangu Desemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha tundu moja la chaja kwa simu, tableti, kamera na visikizi. Saa janja hazimo katika orodha hiyo. Ulaya ikinyamaza, kiwanda cha Shenzhen hakina sababu ya kujisumbua kwa ajili ya soko letu.

Na umeme wenyewe? Bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira, lililozaa Ziwa Tshangalele ambalo Kapolowe inavua, lilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Karibu karne moja baadaye, katika nchi nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano mwenye umeme nyumbani, na hata wenye waya wanalijua vizuri giza la mgao. Kwa anayelipia kuchaji simu kwa franka, saa inayotaka moto kila usiku ni mzigo wa pili. Ndiyo maana saa ya bei ndogo inashinda ya bei kubwa hapa: kioo chake ni duni na akili yake fupi, lakini hukaa wiki. Juni 2024 kampuni moja ya Kijapani ilitangaza malighafi ya betri ndogo ya yabisi yenye uwezo wa wati-saa 1,000 kwa lita, ikilenga saa na visikizi. Ikifika kwenye saa za bei ya chini, itakuwa habari kubwa kuliko sensa yoyote. Hakuna anayejua itafika lini, na wauzaji niliozungumza nao hawaipangii bajeti.

Mkanda ni biashara ndani ya biashara, na pengine ndio wenye faida ya uhakika zaidi. Upana unaotembea ni milimita 20 na 22. Ukiwa na aina hizo mbili umehudumia wengi. Silikoni hupasuka kwenye tundu la pili au la tatu, pini za chuma hupata kutu kwa jasho na maji ya ziwa, na mteja hurudi. Washona viatu wa Likasi wameshaanza kukata mikanda ya ngozi, na wavuvi wanaipenda kwa kuwa haikatiki. Kuna jambo ambalo wauzaji wachache wanalifahamu: watafiti wa Marekani waliopima mikanda 22 na kuchapisha matokeo Desemba 2024 walikuta dalili za kemikali za florini, zile zisizooza, katika mikanda 15, na ile ya bei ya juu ilikuwa nazo zaidi kuliko ile ya chini ya dola 15. Kwa mara moja, cha bei nafuu hakikuwa kibaya zaidi.

Malipo kwa mkono, yanayosifiwa sana Ulaya na Asia, yatachelewa. Pesa ya simu hapa inatumwa kwa kubonyeza nyota, namba na reli, na saa nyingi haziwezi kufungua menyu hiyo. Mitandao ya simu ikiamua kuweka chipu ya malipo ndani ya mkanda, wauzaji wa samaki watakuwa wa kwanza kuitaka, kwa kuwa mikono yao huwa na maji na simu wanaificha. Sijasikia dalili ya uamuzi huo.

Mtumishi mwingine wa serikali, anayefuatilia madini, ana maelezo matamu: kila uwezo mpya wa saa unadai betri kubwa zaidi, betri inadai kobalti, na kobalti ni ya Katanga. Hesabu haimsaidii. Betri ya saa ina gramu moja au mbili za kobalti. Hata saa milioni 100 zingehitaji tani 100 hadi 200 tu, wakati kiwango kilichowekwa na serikali cha kuuza nje ni tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vivyo hivyo 2027. Zaidi ya hapo, kampuni moja kubwa ya Marekani iliahidi mwaka 2023 kwamba kufikia 2025 betri inazozibuni zitatumia kobalti iliyorejeshwa tu kutoka vifaa vya zamani. Saa haitatuinua. Kinachotugusa ni kinyume chake: Februari 2025 serikali iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje baada ya bei kuanguka, hadi viwango vilipoanza Oktoba, vijana wa kandarasi walikuwa wateja wa kwanza kupotea. Mfanyabiashara wetu anasema miezi hiyo aliuza mikanda kuliko saa. Kisha franka ikapanda ghafla dhidi ya dola, wateja wakadai bei ishuke, wakati mzigo wake ulikuwa umenunuliwa kwa dola za kiwango cha zamani.

Kuna uwezo mmoja wa mkanda ambao ningependa kuuona ukifika Likasi kabla ya mahali pengine popote. Mwaka 2016 watafiti wa California walichapisha sensa ndogo ya kuvaliwa inayosoma zinki, shaba, kadmiamu, risasi na zebaki katika jasho na mkojo. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga, pamoja na majirani wa ziwa hili letu, wana kobalti na metali nyingine mwilini kwa viwango vya juu sana. Soko la mkanda wa namna hiyo liko hapa, kwenye vumbi la viwanda vya Shituru, Likasi, kwa wachimbaji wa mikono na kwa watoto wa Kapolowe wanaokula samaki kila siku. Bado kobalti yenyewe haimo kati ya metali tano za sensa ile, jasho hubeba kiasi kidogo sana, na kutoka maabara hadi sokoni ni safari ya miaka. Mkanda huo ukifika, swali litakuwa ni nani anamiliki namba zake. Mgodi ukizishika peke yake, utaweza kumwondoa mfanyakazi kimyakimya kabla hajaugua kazini. Namba hizo zinapaswa kuwa za mvaaji na daktari wake, na sheria itamke hivyo mapema.

Kwa upande wa mauzo, dalili zinapingana. Wachunguzi wa soko walihesabu mwaka 2024 kuwa wa kwanza kwa mauzo ya saa hizi kushuka duniani, na viwanda vikibakiwa na mzigo huenda vikaumwaga Afrika kwa bei ya kutupa. Hilo litawafurahisha wanunuzi na kujaza katoni za chini ya meza. Miezi ya kufunga uvuvi nayo itapunguza pesa Kapolowe kama kila mwaka.

Mfanyabiashara wa stesheni ameamua kutosubiri. Anatafuta aina ya zamani, ambayo mkanda ukivuliwa kichwa cha saa kinachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la chaja ya simu, bila waya wala sumaku. Mpatanishi wake wa Dar amempatia kiwanda, lakini kiwango cha chini cha kuagiza kinazidi mtaji wake. Ametafuta wenzake wa kuchangia. Wawili wa Likasi wamekubali, wa Lubumbashi anataka kwanza aone sampuli, na sampuli bado iko Tunduma.