Tezi dume: Si lazima kupasuliwa tumbo ili mkojo utoke

Anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Akifika chooni mkojo unadondoka kidogo kidogo, na akirudi kitandani anahisi bado upo.

Wanaume wengi wenye hali hii hukaa kimya. Wanaogopa kisu, na zaidi wanaogopa kupoteza nguvu za kiume.

Tatizo ni nini?

Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo. Umri ukisogea hukua na kuibana njia hiyo. Karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 wanayo hali hii. Si saratani, ila dalili hufanana, ndiyo maana daktari hupima kwanza kwa kidole na kipimo cha damu cha PSA.

Dawa zikishindwa

Wengi huanza na vidonge kama tamsulosin. Visiposaidia, zipo njia zisizohitaji kupasua tumbo:

• TURP: kifaa chembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama iliyozidi. Hakuna kidonda cha nje.

• Mvuke (Rezum): mvuke wa maji huingizwa kwenye tezi kwa sekunde 9 kila mara. Nyama hufa na kusinyaa taratibu kwa wiki kadhaa.

• UroLift: vishikizo vidogo huvuta tezi pembeni ili njia ibaki wazi.

• Kuziba mishipa: mrija hupitia kwenye paja au mkononi, damu inayolisha tezi inapunguzwa, nayo inanywea.

Si kila njia inamfaa kila mtu. Ukubwa na umbo la tezi ndivyo huamua.

Nguvu za kiume je?

Baada ya TURP wengi huendelea kusimamisha kama kawaida. Kinachobadilika mara nyingi ni manii kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Haina madhara, ila anayetaka watoto amwambie daktari mapema. Mvuke na UroLift huathiri hilo kwa nadra zaidi.

Usisubiri mkojo ugome

Ukichelewa, mkojo unaweza kuziba kabisa ukawekewa mpira, na figo zikaharibika. Mkojo ukigoma au ukitoka na damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.