Mteja wa Gari la Spoti Akiuliza "Matairi Bei Gani?", Usianze na Bei

Mimi nina duka dogo la matairi hapa Dar, na wateja wangu wengi wananipata kwa simu. Wanaona picha, wanatuma meseji, nawapelekea mzigo au nautuma kwa basi. Haya ninayoandika sikufundishwa darasani. Nimeyapata kwa kusoma maandishi ya ubavuni mwa matairi na kukaa na mafundi.

Leo naongelea mteja ambaye wauzaji wengi wanamgombania ila wachache wanamjua: mwenye gari la spoti. Ana Altezza, Subaru Impreza WRX, Golf GTI, au Mark X yenye rimu kubwa. Meseji yake huwa fupi: "Boss, 215/45 ya 17 bei gani?"

Wengi tunajibu bei hapo hapo. Anasema "poa nitakucheki", na ndo mwisho wake. Kwa nini? Kwa sababu umempa namba tu, na wauzaji wengine watano wamempa namba pia. Atamfuata mwenye namba ndogo.

Lakini kuna kubwa zaidi ya mauzo. Tairi moja linagusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja chako. Viganja vinne hivyo ndo vinashika gari likikata kona, likifunga breki, likipita kwenye maji. Tairi linaweza kuwa na saizi sahihi kabisa na bado lisifae kwa gari lile. Wewe muuzaji ndo unatakiwa kuliona hilo kabla hela haijatumwa.

Twende hatua kwa hatua.

1. SAIZI NI MWANZO TU

Chukua Altezza RS200 yenye rimu 17. Tairi lake ni 215/45R17. 215 ni upana kwa milimita. 45 ni urefu wa ukuta wa tairi, yaani asilimia 45 ya ule upana. R ni radial, namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 17 ni rimu kwa inchi.

Baada ya hapo kuna namba na herufi ambazo wengi wanaziruka, mfano 87W. Hapo ndo pesa ya mteja inapolala.

87 ni uzito. Maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 545. Ukiona 91 ni kilo 615, 94 ni kilo 670.

W ni spidi. Herufi za kukariri ni hizi:
T – 190 km kwa saa
H – 210
V – 240
W – 270
Y – 300

Mteja atakwambia, "Kaka, mimi hapa Dar nitakimbia 270 wapi?" Swali zuri, usimcheke. Mjibu hivi: ile herufi inaonyesha pia tairi linavumilia joto kiasi gani. Tairi likizunguka kwa kasi kwa muda mrefu linachemka. Gari lenye nguvu, mchana wa jua kali, safari ya Dar kwenda Dodoma, watu wanne na mizigo: hapo ndo utaona tofauti ya tairi lililojengwa kwa kazi hiyo na lisilojengwa kwa kazi hiyo.

Kanuni yangu: usimuuzie mtu uzito au spidi ya chini kuliko ile gari lilivyotoka kiwandani. Kuzidisha sawa, kupunguza hapana. Mwambie afungue mlango wa dereva apige picha ile stika yenye saizi na kiwango cha upepo, akutumie. Kama stika imetoka, kitabu cha gari kinayo.

2. SOMA TAREHE KABLA HUJAPIGA PICHA

Kwenye ubavu tafuta neno DOT. Mwisho wa maandishi yake kuna namba nne. Ukikuta 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Basi, hakuna siri nyingine.

Mpira unakauka hata ukiwa stoo. Tairi linaweza kung'aa na mifereji yake mirefu, kumbe ndani limeshakuwa gumu. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 toka litengenezwe libadilishwe hata kama linaonekana zima.

Kwenye duka langu picha ya tarehe inatoka pamoja na picha ya tairi. Sisubiri kuulizwa. Mteja asiyejua tarehe ni nini anajifunza kwangu, na akienda kwa mwingine anaiuliza. Hapo tayari umemuwekea kipimo, na kipimo hicho kimetoka dukani kwako.

3. KAA CHONJO NA MATAIRI YA THELUJI

Hili linawapata sana wanaouza matairi yaliyotumika. Magari mengi yanatoka Japani, na sehemu za kaskazini kule theluji inaanguka. Mengine yanakuja yamevaa matairi ya baridi. Yanatolewa, yanauzwa, na kwa macho yanapendeza kwa sababu mifereji yake ni mirefu.

Dalili zake: neno STUDLESS ubavuni, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Pia utaona vijikato vingi vyembamba kama vimechanjwa na wembe.

Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Sasa upeleke kwenye lami ya Dar, nyuzi 30 na kitu. Unalainika kupita kiasi, unaisha haraka, usukani unakuwa mzito wa kuitikia na breki inachelewa. Kwenye gari la spoti ni hatari mara mbili, maana mwenye gari anakata kona akiamini limeshika. Kama unayo, usimuuzie mtu wa GTI hata akiyapenda.

4. LAINI AU GUMU? MWACHE ACHAGUE AKIJUA

Tairi la spoti lina mpira laini unaoshika barabara. Kinachoshika kinaisha. Hakuna tairi linaloshika kuliko yote na kudumu kuliko yote.

Mengi yana maneno matatu ubavuni yanayofuata mfumo wa Marekani:

TREADWEAR – namba ya kudumu. Ndogo, linaisha mapema. Kubwa, linadumu. Michelin Pilot Sport 4S ni 300. Bridgestone Potenza RE-71R ni 200. Toyo Proxes R888R ni 100, hilo limekaa kimashindano zaidi. Angalizo: namba hii kila kiwanda kinajipa chenyewe baada ya majaribio, kwa hiyo linganisha zaidi matairi ya kiwanda kimoja.

TRACTION – breki kwenye maji. AA ndo juu, halafu A, B, C.

TEMPERATURE – kuvumilia joto. A ndo juu, halafu B na C.

Kwa mtu anayeendesha kila siku mjini na safari za mkoani, mimi namtafutia lenye AA au A kwenye maji, na A kwenye joto. Masika ikija na maji yakijaa barabarani, mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya tairi. Matairi ya kimashindano yana mifereji michache. Kwenye lami kavu yanang'ang'ania, ila kwenye dimbwi gari linaweza kuelea na usukani usifanye kitu. Kijana akiyataka kwa sababu ameyaona kwenye video, mwambie ukweli huo kisha aamue.

5. MASWALI MATANO YA KUTUMA KABLA YA BEI

Haya nimeyahifadhi kwenye simu, nayatuma kama yalivyo:

"Asante kwa kututafuta bosi wangu. Nikupe tairi linalofaa, nisaidie haya:
1. Gari gani, mwaka gani?
2. Nitumie picha ya stika ya mlangoni na ya ubavu wa tairi lililopo.
3. Unaendesha zaidi mjini, mkoani au kwenye vumbi?
4. Unabadilisha mawili au yote manne?
5. Bajeti yako imekaaje?"

Kama ni mtu mzima naandika mzee wangu, kama ni dada naandika dada. Heshima haina gharama. Anayejibu maswali haya ni mnunuzi. Anayetaka bei tu nampa bei ya kuanzia, sigombani naye.

6. MAWILI AU MANNE?

Swali la nne lina mambo mawili ya kukariri.

Kwanza, Subaru inayovuta magurudumu yote manne inataka matairi manne yanayofanana: saizi moja, aina moja, na yaliyoisha kwa kiasi kinacholingana. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili vipara nyuma, mizunguko inatofautiana na difu ya katikati inafanya kazi muda wote. Ikifa, bei yake itamfanya mteja akumbuke jina lako vibaya. Kama hela haitoshi, bora asubiri afikishe manne.

Pili, kwa gari linalovuta mbele au nyuma, mawili mapya yanakaa NYUMA. Ndiyo, hata Golf inayovuta mbele. Mbele ikiteleza dereva anaisikia kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linajigeuza, na wengi hawawezi kulirudisha. Mafundi wengine watabisha. Mweleze mteja sababu mapema, akifika gereji awe na jibu.

7. ANAYETAKA KUPANDISHA RIMU

Kupandisha rimu kunaruhusiwa, ila kimo cha tairi zima kibaki karibu na kile cha mwanzo. Mfano Golf GTI: 225/45R17 ina kimo cha kama milimita 634. Ukienda 225/40R18 unapata kama 637. Tofauti ni ndogo, spidi ya dashibodi haidanganyi.

Hesabu yake: upana zidisha kwa asilimia ya ukuta, zidisha kwa 2, kisha jumlisha rimu (inchi zidisha kwa 25.4). Kalkuleta ya simu inatosha.

Ila mwambie na upande wa pili. Ukuta umeshuka kutoka milimita 101 hadi 90. Ukuta mfupi unakata kona vizuri, lakini shimo moja linaweza kupinda rimu au kuotesha nundu ubavuni. Tairi lenye nundu nyuzi zake zimekatika ndani, halizibiki, linatupwa. Mtu wa barabara ya mashimo mshauri abaki na rimu yake.

8. USIISHIE KWENYE KUUZA

Mzigo ukitoka, tuma na meseji ya kufunga. Tairi lenye mshale na neno ROTATION lizunguke upande wa mshale. Lenye neno OUTSIDE, neno hilo litazame nje. Afanye balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, maana alaimenti mbovu inakula tairi laini upande mmoja na lawama zitakuja kwako. Upepo ujazwe kwa kufuata stika ya mlangoni, tairi likiwa la baridi.

Baada ya hapo mwonyeshe vile vinundu vidogo ndani ya mifereji. Mpira ukishuka ukalingana navyo, imebaki milimita 1.6. Muda wa kubadilisha umefika. Huyo ndo mteja wako wa kesho.

9. KUNA MAUZO YA KUYAACHA

Kuna kijana wa Altezza aliwahi kunitafuta, anaenda Mbeya na familia kesho yake. Alitaka yaliyotumika ya jina kubwa, bei rahisi. Niliyokuwa nayo ya saizi yake yalikuwa na miaka tisa. Nikamtumia picha ya tarehe, nikamwambia, "Haya siwezi kukupa upande nayo Kitonga ukiwa na watoto." Alikasirika. Akasema nina dharau, nadhani hana hela.

Nikampa njia nyingine: mapya ya jina la kawaida, uzito na spidi sahihi, tarehe ya karibuni, kwa kuongeza kidogo. Akakaa kimya saa nzima, kisha akatuma hela.

Sikusimulii hili ili nionekane mwema. Bei yake ilikuwa inanilipa vizuri tu. Ila mtu wa bajeti ndogo haangukii kwenye mawili pekee, la gharama au la hatari. Katikati kuna tairi jipya la kawaida lenye namba sahihi, na mara nyingi hakuna aliyemwonyesha.

Anza na kazi hii leo: toka stoo na simu yako, piga picha ubavu wa kila tairi ulilonalo, andika uzito, spidi na tarehe pembeni ya saizi. Yaliyozeeka yatenge. Kesho mteja akiuliza "bei gani?", utakuwa na cha kumjibu zaidi ya bei.