Simu Isipowaka: Tuokoe Kwanza Vilivyomo



Likizo iliyopita mmoja wetu alikuwa akimsaidia katekista wa kigango kuwaandaa watoto wa Kipaimara. Majina ya watoto, tarehe zao za ubatizo na namba za wazazi vyote vilikuwa kwenye simu ya katekista. Asubuhi moja simu ikawa inafika kwenye nembo, inazima, inarudi tena kwenye nembo. Akaipeleka kwa fundi. Baada ya nusu saa ilikuwa inawaka vizuri, lakini tupu kama siku iliponunuliwa. Majina yalikuwa yamefutika, na pamoja nayo picha za mwisho za marehemu mama yake.

Fundi hakuwa mwizi wala mzembe. Aliambiwa "nitengenezee simu", akaitengeneza. Hakuna aliyemwambia kwamba vilivyomo vilikuwa na thamani kuliko simu yenyewe.

Tumeona tuwashirikishe utaratibu wa kufuata simu isipowaka. Msingi wake ni mmoja: tuanze na hatua zisizogusa data, na hatua inayofuta tuiache iwe ya mwisho kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Je, simu imezima kweli?

Ipigie kwa simu nyingine. Ikiita au ikitetemeka, simu ni nzima ila kioo ndicho kibovu. Kubadilisha kioo hakufuti chochote.

Isipoita, tuanzie kwenye chaji. Jaribu chaja nyingine na waya mwingine. Mulika tundu la chaji kwa tochi. Mara nyingi limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni. Zitoe taratibu kwa kijiti kikavu cha kuchokonolea meno, si kwa sindano. Kisha iache kwenye chaji angalau nusu saa hata kama haionyeshi dalili yoyote, maana betri iliyoisha kabisa huchukua muda kabla simu haijaweza kuwaka.

Bado? Ilazimishe izime na kuwaka upya. Kwa simu nyingi za Android, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 30. Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na uachie cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza sauti, kisha shikilia kitufe cha pembeni mpaka nembo itokee. Hatua hii haifuti kitu.

Kama simu iliingia maji, usiichaji kabisa. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi uchafu uliobaki kwenye bodi, na kutu huanza mapema. Ifikishe haraka kwa fundi atakayeifungua na kuisafisha.

Ikiishia kwenye nembo

Hapa umeme upo, shida ni mfumo wa simu. Sababu za kawaida ni programu mbaya iliyopakuliwa karibuni, maboresho yaliyokatika katikati, au nafasi ya ndani iliyojaa mpaka mfumo ukakosa pa kupumulia.

Jaribu kwanza hali salama. Katika simu nyingi za Android, nembo inapotokea shikilia kitufe cha kupunguza sauti mpaka simu iwake. Utaona maneno "Safe mode" chini ya kioo. Ikiwaka hivyo, usifurahi ukaiacha: nakili picha na majina kwenye kompyuta au memori kadi saa hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo uondoe programu ya mwisho uliyoweka na kupunguza mzigo.

Isipowaka, ipo orodha ya ukarabati, ambayo mara nyingi hufunguliwa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti wakati simu imezimwa. Unatembea kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa kitufe cha kuwashia. Orodha hiyo huwa ya Kiingereza, na hapo ndipo wengi huangukia. "Reboot system now" ni kuwasha upya tu. "Wipe cache partition", kwa simu zilizo nayo, hufuta mafaili ya muda na kuacha vitu vyako. "Wipe data/factory reset" hufuta kila kitu. Mistari hii miwili huanza kwa neno moja na mara nyingi hukaa jirani, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kubonyeza.

Unapofika kwa fundi

Sentensi ya kwanza iwe: "Fundi, nataka data zangu; usifute kitu bila kuniuliza." Kuweka mfumo upya si lazima kufute. iPhone ikiunganishwa kwenye kompyuta katika hali ya ukarabati, hutoa chaguo mbili: "Update" huweka mfumo na kuacha data, "Restore" hufuta. Kwa Samsung, fundi anayetumia faili la HOME_CSC analenga kuacha data. Akitumia CSC peke yake, simu husafishwa. Akisema lazima kwanza afungue ulinzi wa mfumo, ujue kwamba katika simu nyingi hatua hiyo yenyewe hufuta vyote.

Akikuahidi kuhamishia chipu ya kumbukumbu kwenye simu nyingine, uwe na mashaka. Simu zinazotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye huficha data kwa msimbo, na ufunguo wake umefungamana na bodi ya simu hiyo hiyo. Njia ya kweli ni kuitengeneza bodi hiyo mpaka iwake, hata mara moja tu, ili data inakiliwe. Memori kadi ni tofauti: kama haikuunganishwa na kumbukumbu ya ndani, itoe uisome kwenye simu nyingine.

Tena, si kila kitu kimo ndani ya simu. Fedha za M-Pesa au Airtel Money ziko kwenye akaunti ya namba yako. Laini ikihamia simu nyingine, ziko vile vile. Majina pia huenda yako kwenye akaunti yako ya Google. Ingia kwa simu nyingine uangalie kabla ya kukata tamaa. Ukilazimika kukubali simu ifutwe, hakikisha unakumbuka akaunti hiyo na neno lake la siri, maana simu itakudai.

Siri za watu

Simu ya padre, mtawa au katekista hubeba maneno ya watu waliomwamini. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu au kuvunja haki yake ya faragha, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo toa laini na memori kadi kabla ya kuiacha simu. Kubadilisha kioo au tundu la chaji hakuhitaji namba yako ya siri. Fundi akitaka kujaribu kitu, ifungue wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapo.

Kanuni ya 535 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, navyo vitunzwe vizuri. Simu haijachukua nafasi ya vitabu hivyo. Katekista wetu sasa anaandika majina kwenye kaunta buku kwanza, kisha kwenye simu, na kila mwisho wa mwezi ananakili picha zake kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia.

Majina ya watoto aliyapata tena kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa siku nne. Picha za mama yake hazikurudi. Ndugu msomaji, kama unayo picha ya namna hiyo kwenye simu yako, inakili leo, wakati simu bado inawaka.