Ujira wa Dalali Pango Linapovunjika

Ada iliyozoeleka Dar es Salaam ni dalali wa nyumba kupewa kodi ya mwezi mmoja. Ugomvi huzuka pango linapovunjika: mpangaji adai fedha yake, na dalali aseme amekwisha hangaika juani.

Udalali wenyewe ni halali. Imam Bukhari ameuwekea mlango katika Sahihi yake, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wake. Linaloamua ni makubaliano yenyewe.

Akiahidiwa ujira kwa kupatikana nyumba, hiyo ni ju'ala. Dalili yake ni Surat Yusuf, aya ya 72, pale atakayeleta kopo la mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia. Katika madhehebu ya Shafi, mtenda kazi wa ju'ala hastahiki kitu mpaka aikamilishe kazi. Hivyo, mwenye nyumba akikataa kabla ya mkataba, dalali na arudishe alichotanguliziwa. Lakini mkataba ukishafungwa sawasawa, kisha mpangaji akaghairi kwa hiari yake, ujira ni haki ya dalali. Ama pesa ya kuonyeshwa nyumba, ikiwa waliafikiana mwanzo kuwa ni ya kuonyeshwa tu, hairudi. Isipokuwa dalali alijua nyumba imekwisha pangishwa akaficha. Hiyo ni ghashi.

Arbuni ya mwenye nyumba ni suala jingine: jamhuri ya wanazuoni wameikataza, Imam Ahmad ameijuzisha.

Basi masharti yatajwe kabla pesa haijatoka mkononi, na yaandikwe. Wallahu aalam.