Je, Wajua? Timor Mashariki na Uhuru wa Siku Tisa

Kisiwa cha Timor kiligawanywa na wakoloni wawili: Mholanzi akachukua magharibi, Mreno mashariki. Indonesia ilipojitawala ilirithi upande wa Mholanzi. Upande wa mashariki, ambao ukubwa wake unakaribia Zanzibar sita, ulibaki kwa Mreno hadi 1975. Yaliyofuata ni haya.

Je, wajua kwamba Timor Mashariki ilitangaza uhuru tarehe 28 Novemba 1975, na tarehe 7 Desemba ikavamiwa? Siku 9 tu. Wengine huwalaumu viongozi wa chama cha FRETILIN kwa papara, lakini lawama hiyo haina uzito. Askari wa Indonesia walikuwa wameshavuka mpaka, mji wa Atabae umeanguka, na gavana wa Kireno alikuwa amejihifadhi kwenye kisiwa kidogo cha Atauro tangu Agosti. Dola huru ikivamiwa inaweza kwenda Umoja wa Mataifa kudai haki yake. Koloni lililotelekezwa na bwana wake lingetuma nani?

Je, wajua kwamba wapinzani wa FRETILIN nao walitoa tangazo lao siku mbili baadaye, wakiomba kujiunga na Indonesia? Linaitwa Azimio la Balibo, mji wa Timor ulio karibu na mpaka. Kumbe lilitiwa saini Bali, ndani ya Indonesia.

Je, wajua kwamba siku moja kabla ya uvamizi, Rais Gerald Ford wa Marekani na waziri wake Henry Kissinger walikuwa Jakarta wakizungumza na Rais Suharto wa Indonesia? Kumbukumbu za kikao hicho ziliwekwa hadharani kikamilifu mwaka 2001. Suharto aliwadokeza nia yake, nao hawakumzuia.

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwamo? Mwaka 1975 ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, na mwakilishi wake alikuwa Salim Ahmed Salim, ambaye miaka hiyo ndiye aliyeongoza pia kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni. Tarehe 22 Desemba Baraza lilipitisha azimio namba 384 kwa kauli moja: Indonesia iondoe majeshi yake mara moja. Aliyekwenda kuitetea Timor mbele ya Baraza hilo ni José Ramos-Horta, waziri wa mambo ya nje ambaye hakuwa ametimiza miaka 26, na aliyeondoka Dili, mji mkuu wa Timor, siku 3 kabla ya mabomu. Indonesia haikuondoka. Julai 1976 iliitangaza Timor kuwa jimbo lake la 27.

Je, wajua ni kura ngapi zilizoinusuru Timor isisahauliwe kabisa? Nne. Mwaka 1982 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu suala hilo: 50 ziliunga mkono, 46 zikapinga, na nchi 50 hazikupiga upande wowote. Baada ya hapo Ureno haikuthubutu tena kuomba kura.

Je, wajua kwamba mwaka 1989 mawaziri wa mambo ya nje wa Australia na Indonesia walitia saini mkataba wa kugawana mafuta ya bahari ya Timor wakiwa ndani ya ndege, juu ya bahari hiyohiyo, wakigonganisha glasi za shampeni? Ureno iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 1995 majaji walisema hawawezi kuamua kwa kuwa Indonesia haimo kesini, ila wakakiri kwamba haki ya watu kujiamulia mambo yao inaudai ulimwengu mzima. Maneno matamu; mafuta yakaendelea kutafutwa.

Je, wajua waliokufa ni wangapi? Tume ya ukweli ya Timor ilikadiria vifo 102,800 kati ya 1974 na 1999, katika nchi ambayo mwanzoni haikufikisha watu laki saba. Waliouawa au kupotezwa ni kama 18,600. Waliobaki, wapatao 84,200, walimalizwa na njaa na maradhi, wengi wao baada ya kung'olewa vijijini na kurundikwa makambini. Risasi ndiyo hukumbukwa. Njaa ndiyo iliyoua zaidi.

Je, wajua kwamba mkanda wa video uliogeuza mambo ulifukiwa makaburini? Tarehe 12 Novemba 1991 askari waliwamiminia risasi waandamanaji, wengi wao vijana, katika makaburi ya Santa Cruz mjini Dili. Mwandishi Max Stahl alirekodi, akaufukia mkanda kwenye kaburi jipya kabla hajakamatwa, kisha akarudi usiku kuufukua. Dunia iliyokuwa ikiambiwa kwamba Timor ni shwari ikaona yenyewe. Miaka 5 baadaye, Askofu Carlos Belo na Ramos-Horta walitunukiwa Nobeli ya Amani.

Je, wajua kwamba Mandela alipozuru Indonesia mwaka 1997 alitaka kuonana na mfungwa? Xanana Gusmão, kamanda wa msituni aliyekamatwa 1992, alitolewa gerezani akapelekwa kukutana naye, kisha akarudishwa. Baadaye Mandela alimwandikia Suharto kuomba Xanana aachiwe. Ombi la mtu aliyekaa jela miaka 27 si jepesi kulipuuza, ingawa Suharto alilipuuza hadi alipoanguka, Mei 1998.

Je, wajua kwamba kura ya maoni ya 30 Agosti 1999, ya kuamua kama Timor ibaki chini ya Indonesia, ilipigwa pia Maputo? Msumbiji iliwahifadhi viongozi wa FRETILIN miaka yote ya uhamisho. Mmojawao ni Mari Alkatiri, aliyekuja kuwa waziri mkuu: Mwislamu mwenye asili ya Hadhramaut, kama Washihiri wetu wa pwani, akiongoza nchi ambayo karibu wote ni Wakatoliki. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 98.6, na asilimia 78.5 walikataa kubaki chini ya Indonesia.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wanamgambo waliolelewa na jeshi la Indonesia waliua watu zaidi ya elfu moja na kuteketeza sehemu kubwa ya nchi. Je, wajua kwamba wapiganaji wa Xanana walikuwa na bunduki, na hawakutoka makambini? Aliwaamuru watulie, wasije wakampa adui kisingizio cha kusema ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwangu mimi, hakuna uamuzi mgumu kuliko huo katika mkasa mzima. Kikosi cha kimataifa kikiongozwa na Australia kilianza kuwasili tarehe 20 Septemba, na ndani yake walikuwamo wanajeshi wa Kenya.

Je, wajua kwamba tarehe 20 Mei 2002, mbele ya Kofi Annan na Rais Megawati wa Indonesia, Timor haikutangaza uhuru? Iliurejesha tu. Mwaka 2025 ilipokelewa kuwa mwanachama wa 11 wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia ambayo Indonesia ni mmoja wa waasisi wake.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye chemsha bongo Timor Mashariki ilitangaza uhuru lini, andika 28 Novemba 1975. Msahihishaji akikukosoa, mwambie afungue katiba yao: tarehe hiyo imo katika kifungu cha kwanza.